UZI: Kuchukua likizo ya ofisini kwenda kujitolea mashinani Kwale na Kilifi

KaraniWaKilindini

Salamu kwenu nyote. Swali la likizo ya kujitolea hurudi hapa kila mara na majibu yake yametawanyika. Tuyakusanye mahali pamoja. Naanza na upande wa mwajiri, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa kabla hata ya kuvuka kivuko cha Likoni.

Kwanza jua una siku ngapi zako mwenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, yampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, hizo ni wiki nne na siku moja. Likizo yaweza kugawanywa mkikubaliana na mwajiri, na salio laweza kuchukuliwa mradi miezi 18 haijapita tangu mwisho wa kipindi ulichoichuma. Kwa hivyo aliyetumia siku 10 tu mwaka uliopita ana 11 za nyuma na 21 za sasa, jumla 32. Hizo ni wiki sita na siku mbili, na mshahara unaingia. Piga hesabu hii kabla ya kufikiria likizo bila malipo.

Likizo bila malipo si haki iliyoandikwa katika sheria. Ni mapatano kati yako na kampuni, na mapatano yasiyo na karatasi hayana mwenyewe. Meneja aliyekupa ahadi mdomoni aweza kuhamishiwa Nairobi ungali kijijini Ndavaya, na anayemrithi akahesabu kuwa umeacha kazi. Barua iwe na sahihi ya mwenye mamlaka ya kuajiri, na iseme: tarehe ya kuondoka na ya kurudi, kwamba utumishi haukukatika, cheo utakachorudia (kilekile au kinacholingana nacho), bima ya matibabu inaendelea au inasimama, michango ya pensheni inakuwaje, siku za likizo zinaendelea kuchumwa au la. Omba pia sentensi inayotaja shirika au kikundi unachokwenda kufanya nacho kazi na kwamba kampuni haina pingamizi. Bila hiyo, mtu aweza kuzusha suala la mgongano wa maslahi, hasa ukiwa benki, kampuni ya mafuta au ya ujenzi.

Omba miezi mitatu kabla, si wiki tatu. Peleka ombi pamoja na jina la atakayeshika kazi zako na orodha ya kazi hizo. Meneja haogopi wewe kwenda kijijini, aogopa meza tupu. Na usichague kipindi cha kufunga hesabu za mwaka.

Jambo moja husahaulika: likizo haikukingi na upunguzaji wa wafanyakazi. Ukifanyika ukiwa huko, taratibu za kifungu cha 40 zakuhusu kama mwingine yeyote: notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotumika. Acha anwani na nambari ambayo barua itakufikia.

---

BintiMakupa

Ahsante Karani. Naongeza makato, maana kwa likizo bila malipo ndiyo yanayouma.

Mshahara ukisimama, kila kilichokuwa kikikatwa humo husimama nao bila kukuaga. Chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita, pitia mstari kwa mstari, na kando ya kila mstari andika nani atalipa na kwa njia gani.

SHIF (bima ya afya ya serikali): mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mshahara usipokuwepo hakuna wa kukukatia. Uliza ofisini kwenu kama kampuni itaendelea kulipa kwa niaba yako. Ikikataa, panga kulipa mwenyewe kabla hujaondoka, kwa kuwa wasiokatwa kwenye mshahara hutozwa kwa mwaka na si kwa mwezi. Hakikisha watoto na mwenzio wameandikishwa chini yako.

HELB (mkopo wa serikali wa masomo ya chuo): hii haijui likizo. Mkopo ukikosa kulipwa, faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Lipa mapema miezi yote utakayokuwa nje na utunze risiti.

Sacco (chama cha akiba na mikopo): hapa wengi huharibu urafiki. Usipolipa, deni huwaendea wadhamini wako, ambao ni wenzio wa ofisini, na wao mishahara yao ingali inakatwa. Nenda kwa afisa wa mikopo na barua ya likizo mkononi, uombe kupangiwa upya marejesho au uweke agizo la kulipa kutoka akaunti nyingine. Fanya hivyo kabla ya mwezi wa kwanza kukosa. Baada ya hapo unaitwa mdaiwa mkaidi hata ukiwa na sababu nzuri.

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 husimama zenyewe, hazina adhabu kwako. Ripoti ya kodi kwa KRA (mamlaka ya mapato) ya mwisho wa Juni iko palepale. Omba fomu ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, hata kama mwaka huo ulilipwa miezi minane tu.

Kisha bima ya ajali. Wengi hudhani wamekingwa na sheria ya fidia ya kazini ya 2007. Sheria hiyo yamlinda mwajiriwa akiwa kazini kwa mwajiri wake. Ukianguka na bodaboda baina ya Samburu na Kinango ukiwa likizoni, hukuwa kazini kwa kampuni yako, na huko ulikokwenda hukuajiriwa. Nunua bima ya ajali ya mtu binafsi ya muda huo, na usome kama inamlipa abiria wa pikipiki. Nyingine hazilipi.

---

Mgeni_Bamburi

Shukran kwenu. Naomba kuuliza: mwenye wiki nne tu za likizo, na ujuzi wake ni hesabu na kompyuta, ana la kufaa kijijini? Au ni bora achange pesa abaki nyumbani?

---

FundiMfereji

Ana la kufaa sana, tena kuliko anavyodhani, ila achague kazi iliyo na mwisho.

Vijijini kwetu, nguvu za mikono zipo. Kuchimba, kubeba mawe na kupaka rangi darasa havihitaji mtu wa kutoka Bamburi. Tena kila siku unayochimba wewe ni kibarua cha kijana wa pale umekichukua. Kisichopatikana kwa urahisi ni mtu wa kukaa na kamati ya maji jioni tatu mfululizo akatengeneza daftari ambalo mwenyekiti, karani na mama wa kwenye kibanda cha kuuzia maji wote watalielewa. Miradi mingi ya maji haifi kwa pampu mbovu. Pampu huharibika kama kitu chochote, na mradi hufa kwa sababu siku hiyo hakuna akiba ya kuitengeneza na hakuna ajuaye pesa zilikwenda wapi.

Mhasibu mwenye wiki nne afanye hivi.

Wiki ya kwanza asiguse daftari. Asome mita ya chanzo na mita ya kila kibanda asubuhi na jioni, kwa siku saba, akiwa na karani wa kamati. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tuseme mita ya kibanda imetoka 1,240 hadi 1,252. Hizo ni mita za ujazo 12, mitungi 600. Bei ikiwa shilingi 5, kisandukuni lazima mwe na shilingi 3,000. Zikiwa 2,400, swali ni moja: mitungi 120 ilikwenda wapi? Usianze na neno wizi. Mara nyingi ni mkopo wa majirani ambao haukuandikwa, maji ya shule au msikiti yaliyokubaliwa bure na kamati ya zamani, au mama wa kibanda kujilipa kwa kuwa hajapewa ujira wake miezi miwili. Kila moja ina dawa yake, na yote hayo yataka safu yake daftarini: yaliyouzwa, ya mkopo, ya bure, ujira.

Pili, linganisha chanzo na vibanda. Chanzo kikisema 20 na vibanda vyote kwa jumla 12, nane zimepotea njiani. Usiku funga koki zote za vibanda, subiri, kisha tazama mita ya chanzo. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja au kuna aliyejiunganishia. Tembea njia ya bomba alfajiri, utafute majani mabichi mahali pasipostahili kuwa nayo. Ukienda wakati wa mvua hutaona kitu, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kiangazi.

Tatu, na hapa ndipo mhasibu anapofaa hasa, ni akiba ya kubadilisha pampu. Mfano: pampu ya shilingi 180,000 mnayotegemea idumu miaka sita. Hiyo ni 30,000 kwa mwaka, 2,500 kwa mwezi. Mkiuza mitungi 4,500 kwa mwezi, ni kama senti 56 kwa kila mtungi. Ukiwaambia wanakijiji "gharama ya uchakavu", watatikisa kichwa kwa heshima na waende zao. Waambie hivi: katika kila shilingi 5, zaidi kidogo ya nusu shilingi ni ya pampu ijayo, si ya mtu. Kisha ziwe na mkoba wake au akaunti yake, si mstari tu katika daftari.

Wiki ya tatu karani aandike peke yake nawe ukae kando. Ya nne usiwepo kabisa siku mbili, urudi ukague. Ukiona umeshika kalamu wewe hadi siku ya mwisho, hujamsaidia mtu.

Na tafadhali liwe daftari la karatasi. Jedwali la kompyuta lenye fomula nzuri litaondoka na kompyuta yako.

---

MwekaHazina_Ukunda

Naunga mkono. Kwa asiyetaka maji, kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo wa hisa unaotumika sasa ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na umeenea Pwani nzima kwa sura mbalimbali. Watu 15 hadi 25, kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si viongozi, na kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano.

Wanapokwama ni siku ya mgao. Hesabu yenyewe si ngumu: pesa zote gawanya kwa hisa zote. Wanachama 20 wamenunua hisa 3,000 za shilingi 100, ni 300,000. Ada za mikopo na faini zimeleta 45,000. Jumla 345,000, kila hisa sasa ni 115, na mwenye hisa 150 anapata 17,250. Tatizo huwa mikopo ambayo haijarudi. Pesa iliyo nje haigawiki, na viongozi wakiigawa kwenye karatasi, wa mwisho kwenye foleni hukosa. Kanuni iandikwe: mikopo yote irudi mwezi mmoja kabla ya mgao, na asiyerudisha akatwe kwenye hisa zake. Ndiyo sababu pia mkopo huwekewa kikomo, usizidi mara tatu ya hisa za mtu.

Jambo la huku kwetu ambalo miongozo mingi hailitaji vya kutosha: kwa Wadigo na Waislamu wengine, ada ya asilimia kwa mwezi ni riba, na hawataingia. Usibishane nao na usiipe riba jina jingine ukadhani umetatua; wataondoka kimyakimya. Kuna njia mbili safi. Ama kikundi kikopeshane bila ziada na mgao uwe akiba ya mtu kama alivyoiweka, ama kikundi kinunue bidhaa kwa pamoja, kama mahindi wakati wa mavuno, kiuze baadaye na faida igawanywe kwa hisa. Ya pili yataka ghala kavu na mtu wa kusimamia, kwa hiyo usiipendekeze katika mwezi wa kwanza.

Vikundi vijisajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 yataka wanachama wasiopungua 10. Kuandaa katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano wa kwanza ni kazi ya siku nne kwa mtu wa ofisi, na kikundi hufaidika nayo kwa miaka.

---

KijanaWaTudor

Nafahamu hoja ya madaftari, lakini kijiji kisicho na maji chahitaji maji, si daftari. Kwa nini marafiki wa ofisini wasichange wakachimba kisima wakati wa likizo hiyo?

---

FundiMfereji

Ndugu, nia yako ni safi, nami nakuomba usianzie hapo. Kisima kirefu chahitaji uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na tathmini ya mazingira. Hayo hayaishi katika wiki nne. La pili ni chumvi. Kuna kituo kwenye njia ya Nairobi kinachoitwa Maji ya Chumvi, na wanajiolojia wameupa tabaka la miamba la huko jina hilohilo. Sehemu kubwa ya Kinango na Kaloleni waweza kuchimba, ukapata maji tele, na ng'ombe wakayakataa.

Mkitaka kuchanga, angalieni paa la shule. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 8 kwa 21 ni mita za mraba 168. Mvua ya usiku mmoja ya milimita 30, ukitoa moja ya tano inayopotea, yakupa lita 4,032. Paa la shule huwa lipo tayari. Kinachokosekana ni gata (mfereji wa ukingoni mwa paa), bomba la kushukia na tangi.

Yanayoharibika ni haya. Gata ikiwekwa sawa kabisa, maji hutuama na majani huoza: ipe mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na vishikizo kila baada ya mita moja au chini yake. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi, na likikalia mchanga usioshindiliwa au jiwe moja lenye ncha hupasuka chini. Lijengewe msingi wa zege uliosawazishwa, upana uzidi wa tangi pande zote. Maji ya kwanza hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hivyo weka bomba la pembeni la kuyatupa, nusu lita kwa kila mita ya mraba, hapa yapata lita 84. Mdomo wa kuingilia na wa kufurikia uwe na wavu, vinginevyo umejenga nyumba ya mbu. Na koki ndiyo hufa kwanza. Acha koki mbili za akiba na spana kwa mwalimu mkuu, kwa maandishi.

Kazi hii imalizwe kabla ya Aprili kwa ajili ya masika, au kabla ya Oktoba kwa vuli. Tangi lililofungwa Juni limekosa sehemu kubwa ya masika.

---

BintiMakupa

Kuhusu kuingia kijijini. Usiende kwa jina la rafiki ya rafiki. Shirika au kikundi kilichokupokea kikuonyeshe cheti cha usajili. Mashirika makubwa sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Wakipanga ukae na watoto, tafuta cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Anza mapema, hakitoki siku moja.

Ukifika, kwa chifu kwanza, kisha naibu wake na mzee wa kijiji, halafu msimamizi wa wadi wa kaunti. Utambulishwe barazani na wenyeji wako, usijitambulishe. Mikutano isiangukie siku ya soko wala Ijumaa adhuhuri. Ramadhani jioni ni za nyumbani. Wakati wa kupanda, mama hana saa mbili za kukupa, na si kwamba amekudharau. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, haiingiwi bila wazee wake.

Kiswahili kitakufikisha mbali, lakini ndani ya Kinango wazee huzungumza Kiduruma na Ganze Kigiriama. Tafuta mkalimani mtu mzima ambaye hana cheo katika kamati unayoikagua. Mkalimani akiwa mweka hazina, utasikia anachotaka usikie.

Picha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakuhusu. Usipige picha ya mtoto na kuituma kwenye kundi la ofisi bila idhini ya mzazi. Nakala za vitambulisho vya wanachama zikae kwa kikundi, si kwenye simu yako.

Chandarua chenye dawa, viatu vya kufunika kwa sababu ya funza, na ukipata homa pima malaria siku hiyohiyo.

---

Mgeni_Bamburi

Mumenifungua macho, Mungu awalipe. La mwisho: kikundi chataka malipo ya simu badala ya taslimu. Laini iandikishwe kwa jina la nani iwapo wanachama hawana kitambulisho karibu?

---

MwekaHazina_Ukunda

Si kwa jina lako, hata kwa wiki moja ya kusubiri. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ni pesa zako mbele ya sheria. Ukirudi mjini ikafungwa, wao hawawezi kuifungua. Wakikosa pesa, jina litakalotajwa barazani ni lako. Kikundi kifungue akaunti kwa cheti chake, watia sahihi watatu, na nambari ya malipo iunganishwe na akaunti hiyo, si na simu ya mtu. Cheti kikichelewa, endeleeni na taslimu na kisanduku cha kufuli tatu mpaka kitoke, hata kama kitatoka ukiwa umesharudi ofisini.

Na siku ya kuondoka, pitia mfuko wako na simu yako mbele ya kamati: funguo, muhuri, kitabu cha risiti, neno la siri, nambari ya fundi wa pampu. Kila kimoja kitiwe mkononi mwa mtu, jina lake liandikwe, aweke sahihi, na nakala moja ibaki kwa naibu wa chifu.